Mke Wangu wa Kwanza ni Mgomba

Jumatatu, 6 Februari

Iandikwe, vizazi visome: leo mimi, Bhaskar Yellapragada, mhandisi, mkazi wa Minneapolis, nimenunua mgomba. Nimeupata kwenye duka la samani, nyuma ya makochi. Nje theluji imefika magotini, lakini hakuna jani hata moja lililonyauka. Mmea wa ukoo bora!

Sababu ni Mama. Kapiga simu kutoka Guntur, kwetu India, akilia. Nyota yangu imekaguliwa upya: nina nuksi ya Mirihi, mke wa kwanza nitakayemwoa atakufa. Nikamwambia nampenda Kirsten, nataka kumposa. Akasema mpose, baba, nani kakukataza? Ila kwanza oa mgomba, nuksi iishie huko. Mjomba wako alioa mgomba, na mkewe yupo mpaka leo, anamfokea kila siku.

Haya. Ila Kirsten asijue. Nani huanza uchumba kwa kumwambia msichana kwamba atakuwa wa pili?

Jumatano, 8 Februari

Sreenu, ninayeishi naye, amegundua. Kauzunguka mgomba, kauliza kama wakwe wana mali. Nimemhonga biriani anyamaze. Amekula, hajanyamaza. Kila akipita anausalimia: shemeji, hujambo!

Jioni Kirsten kaja kuchukua skafu yake. Kauona. Kasema unapendeza, umetoka wapi? Nikajibu sisi ni marafiki tu.

Kwa nini nilisema hivyo?

Jumamosi, 11 Februari

Harusi! Kuhani yuko Guntur, kwenye simu, Mama pembeni yake, mashangazi nyuma. Sreenu kashika simu mkono mmoja, sambusa mkono wa pili. Nimeuvika mgomba shada, nimeufunga uzi wa manjano wa ndoa. Mashangazi wamesema bibi harusi ni mwembamba mno, huko Amerika hawali?

Moto mtakatifu ulikuwa mshumaa, maana king'ora cha moshi cha jengo hili hakina dini. Nikawa nauzunguka mgomba nao mkononi, mlango ukafunguka. Kirsten, na sahani ya mikate ya mdalasini.

Nikasema namwagilia maji. Nimevaa kilemba! Sreenu, mnafiki yule, kasema karibu, bibi mdogo.

Nimekiri yote. Mirihi, nuksi, kifo chake. Kirsten akaweka sahani mezani. Kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akakasirika: yaani mgomba umevishwa shada, umeimbiwa, na yeye hajaulizwa hata swali moja?

Nikamuuliza hapo hapo, mshumaa mkononi. Kasema ndiyo! Sharti moja tu: nisimfiche kitu tena, nikimficha hakuna harusi. Nimeapa kwa jina la Mama, Mama akisikiliza. Guntur wamepiga kelele za furaha mpaka simu ikakatika.

Jumapili, 12 Februari

Agizo la mwisho la kuhani: mgomba ukatwe, ili niwe mgane rasmi. Nimechukua kisu cha jikoni. Nimeuomba radhi. Nimekata.

Kisu kimegonga waya.

Sreenu kavuta jani, kalinusa, kisha kajilaza kwenye kochi akicheka hadi machozi. Shina plastiki. Majani plastiki. Wiki nzima nimemwagilia plastiki! Ndoa ni batili, nuksi ipo palepale, na Kirsten ameshaniitikia.

Nimwambie? Sreenu anasema mwambie, bwana, uliapa jana tu. Sreenu hajui mapenzi. Na Mama je, aliyegawa vitamu vya ladu mtaa mzima? La. Nitaoa tena Jumanne, kimya kimya, Kirsten akiwa kazini. Kiapo kilihusu mambo makubwa, huu ni mgomba tu.

Nimewahi duka lile lile kabla halijafungwa. Safari hii sikukubali kudanganywa. Nimemkazia macho muuzaji, nikadai mgomba wa uhakika. Kanipa mwingine, mrefu, mzuri kuliko marehemu.

Kaniambia huu hauhitaji hata maji.