Malalamiko Kuhusu Pikipiki Yangu Kufukuzwa Saunani

Kemijärvi, Februari

Kwako Bi. Hilkka Ollonen,
Mwenyekiti wa wakazi wa jengo letu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na mke wangu Sirkka ni mzima pia, ila hasemi nami.

YAH: KUNYANG'ANYWA ZAMU YA SAUNA, JUMAMOSI JIONI

Kwa heshima zote napinga tangazo ulilobandika mlangoni mwa sauna yetu ya chini, tunamoogea mvuke, kwamba kikao kijacho kitaniondolea zamu yangu kwa kosa la "kuogesha pikipiki". Zamu ya Jumamosi haipatikani hivihivi, nawe unajua. Niliingoja mpaka marehemu Bwana Ahti alipotutoka, na mazikoni kwake nililia kwa dhati kabisa, ingawa wewe ulinitazama vibaya. Sasa nisikilize.

1. Impi hakuogeshwa. Impi ni pikipiki yangu ya theluji: mbele ana ubao wa kuteleza, nyuma ana mkanda wa mpira. Baridi ilipozidi aligoma kuwaka. Nikasafisha plagi, nikabadilisha betri, nikafungua kabureta na kuipuliza mpaka mdomo ukagandia kwenye chuma kwa baridi, Sirkka akaninasua kwa kahawa ya uvuguvugu. Wapi. Fundi mmoja akaniambia kwa simu, "Mzee, hiyo ina barafu ndani. Ipashe moto tu." Haya, katika jengo hili joto la kutosha liko wapi kama si saunani?

2. Kanuni zako zinasema kila anayeingia akalie taulo lake. Impi alikalia mataulo mawili. Bwana Taavetti wa ghorofa ya pili hukalia gazeti, na hajawahi kubandikiwa tangazo.

3. Kumchapa kwa matawi nilimchapa, sikatai. Sote hujichapa humo ili damu itembee. Na barafu ya kwenye mkanda ilibanduka yote.

4. Hili ndilo linaloniuma. Huyo Taavetti alitega sikio mlangoni akanisikia nikisema, "Impi, tulia mama, nakupaka mafuta kidogo tu. Msimu mzima sijakugusa." Nilikuwa natia grisi mnyororo. Yeye akapanda ngazi mbiombio kumwambia Sirkka, "Shemeji, mumeo kajifungia na mwanamke huko chini." Sirkka akashuka na mwiko wa uji mkononi. Alipoona ni pikipiki hakufurahi hata kidogo. Mwanamke mwingine angeshukuru Mungu. Yeye akasema, "Heri angekuwa mwanamke, ningejua la kufanya." Tangu hapo nalala sebuleni.

5. Tutumie akili, Bi. Mwenyekiti. Kama Impi si mtu, basi hawezi kuoga, na kosa la kumwogesha halipo. Kama ni mtu, basi anastahili zamu yake kama wakazi wengine. Kwa hiyo naomba kikao kimpe Impi saa moja kila Ijumaa, nami nibaki na Jumamosi yangu. Bila Jumamosi hiyo wiki yangu haina maana. Nitakaa nyumbani nikinuka grisi, na mke wangu, ambaye sasa hasemi nami, ataanza kusema.

Nisalimie mzee wa nyumbani kwako, wajukuu, na kamati nzima. Hata Taavetti mpe salamu, lakini usimpe nyingi.

Ni mimi mkazi mwenzako, ninayesubiri jibu kwa jasho la baridi,

Veikko Tiensuu
Ghorofa ya tatu

N.B. Nilipokuwa natafuta stempu, Sirkka alishuka uani aliko Impi. Kwenye usukani wake kuna kitufe chekundu cha kuzimia injini. Kumbe kilikuwa kimebonyezwa muda wote huo, na inaonekana aliyekibonyeza ni mimi. Amekirudisha mahali pake, na Impi akawaka mara moja. Hakukuwa na barafu yoyote ndani. Basi namba moja hadi tano zifute. Sirkka amempanda wakaenda zao kwa dada yake, na ameacha ujumbe kwamba zamu ya Jumamosi iandikwe kwa jina lake peke yake. Nakusihi umkubalie. Mimi nipe hata Jumanne mchana. Nitakuja peke yangu.