Mawe ya Baba Ndani ya Gunia

Jumatatu, 6 Julai 1953

Elpidius, karani wa mizani wa chama chetu cha ushirika hapa Chonyonyo, ametangaza leo: atakayekutwa na mawe ndani ya kahawa atafutwa chamani, na mibuni yake aikate kuni. Nimeitikia kwa sauti kuliko wote.

Magunia ya jirani yangu Mutalemwa yamevimba. Langu linakunjika kiunoni. Jioni nimechukua mawe matatu, ukubwa wa ngumi, pembeni mwa kaburi la baba, kule migombani. Mazuri. Nimeyatia chini kabisa, nikamimina kahawa juu yake.

Jumatano, 8 Julai

Lori la chama limetupeleka kwenye mizani. Barabara mashimo mwanzo mwisho. Tulipofika nikalegeza kamba nichungulie. Mawe yote yako juu! Yamelala kwenye kahawa kama mayai. Hakuna aliyeligusa gunia. Sikulibandua mkono njia nzima.

Elpidius akaja na kijiti chake cha kudungia magunia. Nikalilalia gunia, nikasema tumbo linauma. Mutalemwa akauliza, kwa heshima zote, kama ni tumbo langu au la gunia. Nimerudi nalo nyumbani bila kupima.

Alhamisi, 9 Julai

Jaribio. Debe, jiwe moja chini, kahawa juu. Nikatikisa. Kila mtikiso, punje zinateremka na kujaza nafasi chini ya jiwe, nalo halipati pa kurudi. Linapanda. Polepole, bila sauti. Kwanza mgongo, kisha lote, upande wenye ukungu ukinitazama. Kahawa ilikuwa na joto la jua. Jiwe baridi.

Jiwe la pili, vilevile. Ndege walikuwa wamenyamaza.

Mke wangu Kokugonza alikuwa mlangoni muda wote. Amesema marehemu hakuwahi kumpunja mtu hata kikombe cha maharage. Kisha akasema: “Rudisha, Baba Gosbert. Mzee anatoka.”

Ijumaa, 10 Julai

Nimerudisha. Nilipoyang’oa hapana shimo tena. Udongo umejaa wenyewe. Nimeyaweka juu tu. Nikasema shikamoo, nikangoja kidogo, kwa adabu. Nikaondoka bila kugeuka.

Jumamosi, 11 Julai

Kosa nimeliona. Nilichagua mzee mkali. Baba yake Mutalemwa, marehemu Rweyemamu, alikuwa mtu wa usingizi. Alisinzia hata kwenye misa ya ndoa yake. Mawe ya kaburi lake ni mazuri, tena makubwa zaidi. Nimekwisha kuyachukua.

Lori linapita tena Jumatano, tarehe 15.