Karatasi Kumi na Tatu

Chuo kikuu kilipofungwa kwa mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja, wahadhiri wakidai mishahara na serikali ikiomba subira, wazazi walijazana getini na watoto wao na mabegi yao. Wengi walishika tama. Mtu mmoja tu aliwatazama akatabasamu, akaanza kuhesabu vichwa. Jina lake lilibadilika kufuatana na kitambulisho alichobeba siku hiyo, kwa hiyo tumwite Daktari, kama alivyojiita mwenyewe, ingawa shule aliiacha kidato cha tatu.

Wiki haikuisha Daktari akawa na vyumba viwili juu ya duka la fotokopi. Alitandika zulia, akaweka tufe la dunia mezani, akatundika picha ya jengo lenye nguzo nane aliyoikata kwenye kalenda. Mlangoni akabandika kibao: Wakala wa Vyuo vya Ng'ambo.

Tumpe haki yake: mdomo alikuwa nao. Kila mzazi aliambiwa kwamba nafasi zimebaki kumi na mbili, na kwamba Daktari binafsi hapendi kabisa kupokea pesa, ila chuo kinamlazimisha. Nafasi zilibaki kumi na mbili kwa wiki tatu mfululizo, kisha zikajaa siku moja. Wa mwisho kulipa alikuwa mjane mmoja mshonaji. Alikuwa na cherehani tatu, akauza mbili, ili mwanawe aliyekwama mwaka wa pili wa famasia akamalizie masomo huko. Alipotoa bahasha machozi yalimlenga. Daktari alimpa leso kwa mkono mmoja na kupokea bahasha kwa mwingine.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Pesa zingelala benki kwenye akaunti ya kampuni kwa miezi miwili ili zisimshtue mtu, wazazi wangetulizwa kwa karatasi, halafu Daktari angeingia mitini. Kwa kazi ya karatasi aliajiri karani, msichana wa mwaka wa tatu wa uhasibu aliyetolewa bwenini na mgomo uleule. Hakumwambia lolote. Siku ya nne karani alilitafuta mtandaoni lile jengo lenye nguzo nane, akakuta ni kiwanda cha vigae.

Wewe na mimi tungekimbilia polisi. Karani naye aliwafikiria polisi, kisha akamfikiria Daktari akizungumza na polisi, akaachana na wazo hilo. Hata kama wangemkamata, pesa zingegeuka kielelezo cha mahakamani kwa miaka sita, na mtoto wa mshonaji angezeekea nyumbani. Jambo hilo lilimuuma, maana yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuzeekea nyumbani.

Akaendelea kutafuta. Akakuta nchi moja ya mbali ambayo vyuo vyake vya umma havimtozi ada hata mgeni. Vinataka vyeti halisi, na vinataka pesa za kujikimu za mwaka mzima ziwekwe benki ya hukohuko kwa jina la mwanafunzi, ambazo mtu mwingine hawezi kuzigusa. Vyeti vilijaa kwenye droo ya Daktari, aliyevishikilia ili wazazi wasimkimbie. Pesa zilikuwepo. Kilichokosekana ni saini ya mkurugenzi wa kampuni, yaani Daktari.

Hapa inabidi tuutaje udhaifu wa Daktari. Mtu aliyeghushi karatasi kwa miaka kumi na tano hasomi karatasi. Anajua watu hutazama muhuri tu, na mwisho naye akawa anatazama muhuri tu. Kusaini, lakini, alikupenda. Saini yake ilikuwa na mkia unaozunguka mara mbili.

"Hawa wazazi wananisumbua," alimwambia karani asubuhi moja. "Watengenezee karatasi. Za chuo, za ubalozi, za benki, zozote zile. Muhimu zionekane za kweli."

"Za kweli kabisa, bosi?"

"Kabisa. Hata benki wenyewe wakiziona wasishtuke."

Karani akasema sawa. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu zilimwonyesha kwamba njia rahisi kuliko zote ya kuifanya karatasi ionekane ya kweli ni kuhakikisha ni ya kweli.

Alituma maombi kumi na mawili. La kumi na tatu lilikuwa lake, na gharama zake zilitoka kwenye lile fungu ambalo Daktari alimkata kila mzazi na kuliita matumizi ya ofisi. Barua za kukubaliwa zilipofika, Daktari alisaini kama mwakilishi. Hati za kuhamisha pesa zilipokuja zimechanganywa na barua za pongezi, alisaini huku anaongea na simu.

"Huyu mshonaji mbona karatasi zake nyingi?" aliuliza mara moja tu.

"Huyo ndiye msumbufu zaidi, bosi."

Daktari akauongezea mkia mzunguko wa tatu.

Benki walipompigia kuthibitisha, alithibitisha kwa sauti nzito, akicheka moyoni kwamba karani wake amewapiga changa la macho hata wao. Akina mama walipomsimamisha kwenye ngazi kumshukuru kwa viza, alizipokea shukrani kwa unyenyekevu. Alishangaa tu jinsi msichana alivyoishika kazi haraka, akawaza kuhamia naye mji unaofuata.

Ijumaa aliyopanga kuondoka, alikwenda benki na begi jipya. Mhudumu wa dirishani akamwambia akaunti ni tupu. Daktari akapandisha sauti, akataka kumjua mwizi, akaitwa ndani kwa meneja na kuwekewa mezani karatasi kumi na tatu. Alizikagua saini zile kwa jicho la fundi, moja moja, akitafuta kasoro. Zote zilikuwa zake. Meneja akamuuliza kwa upole kama angependa waite polisi. Daktari akasema hapana, alikuwa anahakiki tu.

Pesa zake za mwisho alizimalizia kwenye teksi ya kwenda uwanja wa ndege, ambako wazazi walishamwambia watoto wangeondokea siku hiyo, akiwa na nia ya kumkaba karani. Alimkuta yuko ng'ambo ya kioo cha ukaguzi na wale kumi na wawili, anawagawia pasipoti. Karani alimwona, akampungia mkono kwa adabu, kisha akageukia foleni.

Kabla hajapiga kelele, wazazi walimzingira. Walimpa mikono, wakapiga naye picha, wakamtaka aseme neno. Daktari, aliyewahi kuuza kisima kikavu kwa dakika kumi, aliwatakia watoto safari njema na kuishia hapo. Mama mshonaji akamvuta pembeni.

"Daktari, nikuulize, na usikasirike. Watu waliniambia wewe ni tapeli. Niliwakatalia, lakini usingizi sikupata. Niambie wewe mwenyewe. Mwanangu kweli amekwenda kusoma?"

Swali hilo alishalijibu mara mia, kwa mbwembwe. Safari hii aliziacha mbwembwe.

"Ndiyo, mama. Amekwenda kusoma."

Mama akalia kwa furaha mbele ya watu wote, bila kujificha. Alipojifuta, aliona jinsi Daktari alivyosawajika, akadhani ni uchovu wa kuhangaikia watoto wa watu, akamwonea huruma. Akafungua pochi akampa nauli ya basi. Daktari akakataa, akaitazama barabara, akapokea kwa mikono miwili. Mama akamwomba Jumatatu awahi kufungua ofisi, kwa sababu dada yake ana watoto wawili na ameshamwambia nafasi zipo.