Samaki Waliovuka Ziwa

Jumatatu, 9 Juni 1997. Ujiji.

Siku kubwa! Dkt. Veneranda amefika kwa treni pamoja na mashine yake. Masanduku kibao. Nimebeba dogo kuliko yote na kuhema kuliko wote, ili aone. Rodgers, msaidizi mwenzangu pale kituo cha utafiti wa samaki, kabeba makubwa bila kuhema. Hana akili ya maisha yule.

Kazi yenyewe ni kutafuta ukoo wa samaki. Si kwa kutazama rangi na mistari, kama tulivyozoea, bali kwa kusoma maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya miili yao. Daktari anasema samaki wa mawe wa ziwa hili, wale wadogo ambao hata paka hashibi, walianza wachache. Sasa ni aina chungu nzima. Nani ndugu wa nani, nani kaachana na nani na zamani gani, yote yamo ndani yao. Unakata kipande cha pezi, kidogo kuliko ukucha, unakitia kwenye chupa ya spiriti. Samaki anarudi majini na maisha yake.

Nilisikiliza kwa makini, kweli. Kwetu Kongwa maji huyaoni mpaka uyachimbe. Kumbe ziwa zima ni ukoo!

Kisha nikasikia jambo la pili nikasahau la kwanza. Msaidizi atakayefanya vizuri ataondoka na Daktari kwenda Dar kujifunza mashine za namna hii. Mmoja tu. Sisi tuko wawili.

Rodgers kapewa miamba ya kaskazini, kupita Kibirizi. Mimi nimepewa Mwamba wa Ndege, kusini, jiwe moja lililosimama peke yake katikati ya mchanga. Lazima kupiga mbizi. Nilipoomba kazi niliandika kwamba mimi ni mzoefu wa maji. Nilimaanisha ya kunywa.

Jumanne, 10 Juni.

Nimekwenda. Nimeuona mwamba. Mweupe kwa kinyesi cha ndege. Mwenye mtumbwi aliniambia nishuke, panafika kifuani tu. Kifua cha nani? Hakusema. Mawimbi yalikuwa yanainuka. Nilitapika chai, kisha nikatapika vya jana. Nikamwambia kwamba kitaalamu hali ya maji haifai. Akacheka mpaka akaacha kupiga kasia.

Nimerudi na chupa tupu. Rodgers, nasikia, anashinda chini ya maji kama amezaliwa huko. Kweli amezaliwa huko. Babu yake alikuwa mvuvi wa kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwa hili. Huo si ushindani wa haki.

Jumatano, 11 Juni.

Nimepata njia!

Bi Shadia, mwenye nyumba wangu, anamhifadhi mkimbizi mmoja chumba cha uani. Mama Asende, kutoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, Kongo. Alivuka mwaka jana vita vilipowafikia. Wengine walivuka na magodoro, na masufuria, na cherehani. Mama Asende alivuka na ndoo ya samaki. Sijawahi kumuuliza kwa nini. Nilidhani ni kitoweo. Lakini kumbe hawaliwi. Wanaishi kwenye nusu ya pipa nyuma ya jiko, na kila siku anawabadilishia maji ya ziwa, anayabeba mwenyewe kichwani.

Leo nimechungulia. Samaki wa mawe! Wa aina ileile niliyotumwa kutafuta, wembamba, mistari myeusi ubavuni. Mashavu tu ndiyo yana rangi ya manjano kidogo. Nani atatazama mashavu? Daktari anataka mapezi.

Nikamwomba. Nikasema ni kwa faida ya elimu. Akanisikiliza huku anachambua dagaa. Mwisho akasema mumewe ndiye aliyewavua. Alikuwa anawakamata wazima kwa ajili ya matajiri wa nje, wanaowafuga kwenye vioo ili kuwatazama. Siku ile milio ya bunduki ilipoanza alimpa ndoo, akamwambia atangulie na mtumbwi, yeye anarudi kumchukua mama yake. Hajatokea mpaka leo.

Nikasema pole. Lilikuwa neno dogo.

Amekubali, kwa masharti. Asife hata mmoja. Na nisimtaje kwa mtu yeyote, kwa sababu wakimbizi wanatakiwa wakae kambini, na yeye yuko mjini bila kibali. Nimeapa. Kutomtaja! Hata asingeniomba nisingemtaja.

Alinishikia samaki mwenyewe, mmoja mmoja, kwenye kiganja chenye maji. Mimi nikakata. Kila mmoja alimnong'oneza kitu kwa Kibembe, lugha ya kwao, kabla ya kumrudisha.

Kwenye chupa nimeandika: MWAMBA WA NDEGE.

Alhamisi, 12 Juni.

Nimekabidhi. Nilizilowesha nywele zangu kwanza, na suruali. Daktari kanisifu. Rodgers kaniuliza nilipiga mbizi upande gani wa mwamba. Nikamjibu upande wa maji.

Jumamosi, 14 Juni.

Andika tarehe hii kwa wino mwekundu, Elikana!

Mashine imemaliza kazi. Umeme ulikatika mara kadhaa, jenereta ikanguruma mpaka mbwa wa jirani wakahama, lakini imemaliza. Daktari alitandaza jeli yake, yenye maandishi ya urithi ya kila samaki, chini ya taa ya zambarau, mistari ikang'aa. Kila samaki ana mistari yake. Wa Rodgers wote walifanana, kama inavyotarajiwa kwa ufukwe huu. Wangu wakawa tofauti kabisa.

Daktari akainuka. Akaenda kwenye mkoba, akatoa picha ya zamani, ya mistari ya samaki waliochukuliwa ng'ambo kabla ya vita. Akaiweka kando ya jeli. Mstari kwa mstari! Samaki wa Mwamba wa Ndege ni ndugu wa samaki wa Kongo!

Akakaa chini akatueleza. Samaki hawa hawasafiri. Anazaliwa kwenye mawe, anafia kwenye mawe, hata ukanda wa mchanga hathubutu kuuvuka, sembuse kilindi. Ila zama za kale sana ziwa lilikauka likashuka, likabaki jembamba, na fukwe zikakaribiana. Maji yalipopanda tena, ndugu walitenganishwa. Ukoo mmoja ukawa koo mbili, kila mmoja upande wake, na mistari ikaanza kuachana polepole. Lakini hawa wangu hawajaachana hata kidogo! Huenda mwamba ule umewahifadhi peke yao muda wote huo. Ni jambo la kuandikwa.

Akanipa mkono. Akaniita mwenzangu. Rodgers alitoka nje kwenda kutazama jenereta iliyokuwa imezimwa.

Jumapili, 15 Juni.

Nimekwenda kanisani nimevaa tai. Nimemwomba Mungu Dar. Nimemshukuru mapema.

Nikatoka, nikakutana na Daktari mlangoni. Kesho tunakwenda wote Mwamba wa Ndege. Anataka kuwaona kwa macho yake. Mimi ndiye kiongozi wa safari.

Nikapata njia nyingine. Samaki wenyewe wapo! Kinachokosekana ni wao kuwa mahali wanapotakiwa kuwa. Nikakimbia uani. Nikamwambia Mama Asende kuwa pipa ni dogo, samaki wanateseka, kuna mwamba mzuri kusini, niwapeleke wakapumue hewa safi. Aliniuliza tangu lini samaki wanapumua hewa. Nikasema ni usemi wa kitaalamu.

Akaacha kazi yake akanitazama. Akasema mumewe hakuwahi kuchanganya samaki wa jiwe moja na wa jiwe lingine, hata kwenye ndoo. Kila jiwe na wake. Akisema wa pale, ni wa pale. Ukiwamwaga hovyo, atakayekuja kesho atawajuaje?

Nikarudi chumbani. Nilikuwa na swali moja tu moyoni, nitaugua nini kesho.

Jumatatu, 16 Juni.

Nimeugua malaria. Nilijifunika blanketi, nikatetemeka vizuri sana, hata Bi Shadia alianza kuniombea dua. Daktari akaja na hadubini. Nilisahau kwamba watu hawa wana hadubini! Akanichoma kidole, akatazama. Akasema damu yangu safi kuliko yake.

Tumekwenda. Rodgers akazama. Nilimwangalia akipotea chini na nikatamani jambo nisiloweza kuliandika. Akaibuka na wavu, samaki wa hapa hapa. Akazama tena, tena, upande wa pili, mpaka midomo ikawa myeusi kwa baridi. Wote wa hapa hapa. Hakuna shavu la manjano hata moja.

Nikasema labda wamehama. Daktari akajibu taratibu kwamba Jumamosi alitueleza samaki hawa hawahami. Akauliza kama nakumbuka. Nikasema nakumbuka. Njia nzima ya kurudi alishika daftari lake mapajani bila kulifungua.

Usiku huu nawaza. Nikisema kweli, nakosa Dar na pengine kazi, na Mama Asende anafuatwa na maofisa. Nisiposema, Daktari ataandika uongo na jina lake juu yake, watu wa dunia nzima watausoma. Kwa hiyo kunyamaza kwangu ni kwa ajili ya Mama Asende. Naona kabisa mimi ni mtu mwema. Sijui kwa nini nimelifunga dirisha la uani.

Jumanne, 17 Juni.

Nilifika kituoni na mpango. Kwamba chupa zilichanganyika. Kwamba Rodgers ndiye aliyezipanga. Nilikuwa nimeshafungua mdomo mbele ya Daktari. Nimesema "Kuhusu Rodgers..."

Mlinzi akaingia. Kuna mama getini ananitafuta. Ana ndoo.

Mama Asende aliingia nayo kichwani, maji yanamchuruzika usoni. Akaishusha mezani, juu ya karatasi za Daktari. Akanisalimu kwa jina. Akasema amepata habari kwamba kambini Lugufu kuna watu wanaopokea majina ya waliopotea na kuyatafuta ng'ambo. Kesho kuna lori. Atakwenda, ajiandikishe kama mkimbizi, na alitaje jina la mumewe. Lakini huko hakuna ziwa. Kwa hiyo kaniletea samaki, maana mimi nawafahamu, niliwakata mapezi wote.

Jenereta hata haikuwa inanguruma. Kila neno lilisikika.

Daktari akainama juu ya ndoo. Akayaona mashavu. Akaniangalia mimi, kisha chupa, kisha mimi tena. Nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kupigwa na ng'ombe teke la kifua. Lile jicho liliuma zaidi.

"Wametoka wapi, mama?" akauliza.

"Baraka. Kwenye jiwe la chini ya misheni. Bwana yangu aliwavua."

Daktari akavuta kiti akamkalisha. Akamweleza yote, ziwa lililoshuka, fukwe zilizokaribiana, ndugu waliotenganishwa na maji. Akamwonyesha picha ya mistari. Akasema tangu vita hakuna mtafiti aliyefika upande ule, na hawa ni hazina. Mama Asende akaufuata mstari mmoja kwa kidole. Akauliza kama mashine hii inaweza kumchukua aliyepotea ikasema ametoka jiwe lipi.

Daktari akasema ndiyo. Tukiwa na samaki wa kila jiwe, itasema.

"Jiwe mi naijua," Mama Asende akasema. "Mtu ndiye sijue aliko."

Rodgers aliichukua ndoo polepole, akaenda kuwaandalia samaki tangi la kioo, lile kubwa la dirishani. Mimi nilitazama viatu vyangu. Daktari hakunikaripia mbele ya mgeni. Afadhali angenikaripia.

Jumatano, 18 Juni.

Nimemsindikiza Mama Asende kwenye lori. Hakunituma mtu, na sikuwa na mpango wowote, naapa. Nilimbebea mkeka. Nikamwambia samahani, nilitumia samaki wake vibaya. Akasema samaki hawajafa, sharti nimelitimiza. Kisha akaniuliza kama mumewe akitokea Ujiji kumtafuta, nitamwelekeza? Nikasema nitamwelekeza. Nimemwambia Bi Shadia pia, na mwenye mtumbwi, na wanawake wa dagaa. Mumewe ni mrefu, ana kovu kwenye nyusi, anaitwa Mlebinge.

Lori lilipoondoka alikuwa amekaa kinyumenyume, anatazama ziwa.

Alhamisi, 19 Juni.

Hukumu imetoka. Dar anakwenda Rodgers. Mimi sitagusa chupa ya spiriti, wala wembe, wala kalamu ya kuandikia chupa. Nitalisha samaki wa Mama Asende na kusafisha tangi lao. Daktari amesema sampuli iliyoandikwa mahali pa uongo ni mbaya kuliko sampuli iliyopotea, kwa sababu iliyopotea haimdanganyi mtu. Nimeyaandika maneno hayo ili nisiyasahau. Nimeguswa mno. Mimi ni mtu mpya.

Kabla ya kuondoka Rodgers kanipa mkono, akasema nijifunze kuogelea, kaka. Nimempenda kwa dakika nzima.

Jumamosi, 21 Juni.

Daktari na Rodgers wamepanda treni. Mashine imebaki kituoni kwetu mpaka watakaporudi. Ufunguo wa chumba cha mashine ninao mimi, kwa ajili ya kufagia.

Mchana jirani yetu Pastory kagombana na mwenzake Feliksi kwa habari ya mbuzi. Mbuzi wa Feliksi kazaa mapacha, na Pastory anadai baba yao ni beberu lake, kwa hiyo pacha mmoja ni haki yake. Feliksi anakana. Walikuwa karibu kushikana mashati. Nikapita katikati yao. Nikawaambia watulie, siku hizi kuna njia ya kitaalamu, na mtaalamu wanaye mtaani. Wamenyamaza! Wamenipisha kiti! Atakayeshinda atanipa mguu wa nyuma wa mbuzi siku ya sikukuu.

Nimeshaanza. Manyoya ya mapacha nimeyapata bila tabu. Beberu la Pastory limenikimbiza hadi sokoni, halishikiki kabisa. Lakini pale sokoni kulikuwa na beberu lingine, pole, la rangi ileile.

Nimechukua ya hilo. Nimeandika kwenye chupa: BEBERU LA PASTORY. Nani atatazama?