Malalamiko Kuhusu Udogo wa Kidonda cha Mama

Vumilia Jilala,
Kidato cha Tatu,
Kharumwa.
Ijumaa, 24 Januari 2025

Kwa Daktari Bingwa wa Magonjwa ya Wanawake.

YAH: KUOMBA MAMA AONGEZEWE KIDONDA

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Mimi ni binti wa Paskazia, yule mama uliyemtoa kizazi wiki mbili zilizopita kwa sababu ya uvimbe uliokuwa ukimtoa damu hadi anazimia. Damu imekoma, tunashukuru. Lakini kazi yako ina kasoro moja kubwa: haionekani. Ulimwandikia Mama apumzike wiki sita asibebe kitu kizito, kisha ukamrudisha nyumbani na matundu matatu ambayo hata shati la mtoto mchanga linayafunika. Matokeo yake ni haya:

1. Huku kwetu mgonjwa wa operesheni huletewa kuku, na mleta kuku huomba kuona mshono. Mama Magesa wa jumuiya yetu alikuja na jogoo. Alipoyaona matundu, akasema jogoo yule alikuwa anapita naye tu kwenda mnadani. Akaondoka naye.

2. Baba ni mchimbaji wa dhahabu. Alilikagua tumbo la Mama kwa tochi yake ya kichwani, akasema kwa miaka kumi na tisa hajaona mzigo ukitolewa kwenye shimo lenye upana wa kalamu. Nilimweleza, kama ulivyotueleza, kwamba matundu yalikuwa ya kamera na vifaa, na kizazi chenyewe kilitokea njia niliyotokea mimi. Baba alipaliwa na chai, akaenda machimboni bila kuaga.

3. Shangazi Sesilia, dada yake Baba, ndiye hasa ninayemshitaki. Yeye alijifungua kwa kupasuliwa, na mshono wake ni mrefu kama zipu ya begi. Huwafunulia wageni wa Mama na kusema, "Hii ndiyo operesheni! Wifi yangu huyu kachomwa miiba." Kesho anataka Mama aende palizi ya mpunga. Mama ameona aibu, ameanza kulitafuta jembe lake. Nimelificha chini ya godoro langu, na ninalilalia.

Kwa hiyo naomba utume plasta isiyopungua sentimita thelathini, yenye mhuri wa hospitali. Ikishindikana, njoo umchoree mshono kwa wino usiofutika. Mimi nitashika rula. Na kwa siku zijazo napendekeza kila mgonjwa aulizwe ana mawifi wangapi, na kila wifi ahesabiwe sentimita tano. Mwenye mawifi wanane azungushwe hadi mgongoni, familia itulie.

Najua kidonda kidogo hupona upesi. Hilo ndilo linaloniudhi: Mama anapona kabla watu hawajamhurumia.

Wasalimie manesi wote, hasa yule aliyemtembeza Mama koridoni huku wakicheka.

Ni mimi, mwenye malalamiko na matumaini,
Vumilia

N.B. Tafadhali usitume plasta. Jioni hii Shangazi amenifuata jikoni, akafunga mlango, akaniuliza kama matundu yale yanauma. Kumbe naye anatokwa damu mwaka wa tatu, na kwa kuogopa kisu tena hajamwambia mtu. Nimemwambia Mama alitembea siku ya pili. Akafungua mlango, akatoka nje kuwatangazia wote kwamba wiki sita ni wiki sita, isipunguzwe hata siku moja, na kesho sehemu ya Mama atapalilia yeye. Jumatatu nitamleta umpime. Ukiona anafaa, Daktari, nakuomba sana: yawe madogo hayo hayo.