Jina Lililokosa Mtandao

Jumapili, 9 Juni

Kesho napanda ndege. Nchi ya nje! Kampuni imenichagua mimi, fundi mizani, kwenda kusomea mizani mpya za kielektroniki, na tangu habari itoke sina usingizi. Si kwa furaha. Ni kwa ajili ya tumbo la mke wangu.

Daktari kasema bado majuma mawili. Mama mkwe kasema daktari hajui kitu, tumbo limeshashuka. Nimwamini nani? Nimeamua kumwamini daktari, kwa sababu tiketi imeshakatwa.

Kinachonikosesha raha hasa ni jina. Hospitali yetu haimruhusu mama kurudi nyumbani mpaka jina la mtoto liandikwe. Na jina ninalo! Ninalo tangu mimba changa. Sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu, maana mke wangu ana kaka, na mke wa kaka huyo naye ni mjamzito, na kaka mwenyewe, shemeji yangu, ni mdokozi. Alishaniiga rangi ya ukuta. Alishaniiga jina la mbwa. Jina la mwanangu siliandiki hata humu. Mke wangu kasema mficha uchi hazai. Nimemjibu kwamba kwa hilo kachelewa.

Tumekubaliana hivi: uchungu ukimjia kabla sijarudi, atanipigia, nami nitamtajia jina sikioni mwake tu. Baba wa mtoto ni mimi. Atakayemwita jina kwa mara ya kwanza ni mimi.

Jioni shemeji kaja. Anauza simu mjini, basi anajiona profesa. Kasema niweke bando la kutumia nje leo hii, kwa sababu haliwekwi mpaka laini iwe kwenye mtandao wa nyumbani, nikishavuka nimekwisha. Kajitolea kuniwekea yeye mwenyewe. Nikanusa mtego. Akiniwekea bando, hadi nazikwa atakuwa anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyeniunganisha na mwanangu! Nimekataa. Nimemwambia waifai ya bure imejaa duniani, na mwenye akili halipii upepo. Kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimemkumbusha kuwa mkubwa ni mimi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefika salama. Laini haikufika. Imekufa palepale ndege ilipotua.

Uwanja wa ndege una waifai ya bure, kama nilivyosema! Nikaifungua. Ikanikaribisha kwa maneno matamu, kisha ikataka namba yangu ya simu ili initumie namba ya uthibitisho. Initumie wapi? Kwenye laini iliyokufa? Yaani ili upate mtandao, sharti uwe na mtandao. Aliyelibuni jambo hili hajawahi kutoka kwao.

Nikafikiri upesi. Nikaandika namba ya mke wangu, maana ndiyo pekee niliyonayo kichwani. Ikakubali! Namba ya uthibitisho ikatumwa. Kwa mke wangu. Nyumbani. Nikakaa naitazama simu, natabasamu, mpaka ikanijia kwamba mwenzangu hana njia ya kunisomea.

Basi nikakisia. Tarakimu nne tu, zitanishinda? Nikajaribu mwaka niliozaliwa. Hapana. Mwaka wa ndoa yetu. Hapana, na hapo nikagundua kuwa sina hakika tulioana mwaka gani. Kila ninapokosea wanatuma namba mpya. Askari akaja kuuliza kama nina tatizo. Nikasema nangojea mtu.

Hotelini nako waifai ipo, ila kampuni imelipia kitanda na chai tu. Nimelala na simu kifuani. Haikulia hata mara moja.

Jumanne, 11 Juni

Darasani. Pasipoti zetu zimekusanywa na mkufunzi kwa ajili ya usajili. Mkufunzi ni mtu mrefu asiyecheka. Tumeanza na mawe ya kupimia. Hayashikwi kwa mkono mtupu, yanashikwa kwa glavu, kwa sababu hata jasho la kidole huongeza uzito. Mimi jasho langu limepenya glavu. Mizani ikawa inapanda yenyewe. Mkufunzi akauliza kama ninaumwa. Nikasema hapana, ni hali ya hewa. Darasa lina kiyoyozi.

Ninalala chumba kimoja na fundi wa nchi nyingine, mzee mpole tunayemwita Mzee wa Miwani. Yeye ana laini ya hapa na bando nono alilowekewa na mwanawe. Jioni nikajikaza nikamweleza habari za tumbo. Akasikitika kweli, mtu mwema, akanirushia intaneti kutoka kwenye simu yake na kunipisha nizungumze na familia.

Ikashika! Ujumbe mmoja ukaingia, wa shemeji, wa tangu jana. Anauliza kama nimefika, na kama ile waifai ya bure nimeiona. Sikumjibu. Nikatafuta wa mke wangu. Hapo simu yangu, mnafiki mkubwa, ikaona intaneti baada ya njaa ya siku mbili ikaanza kujilisha. Ikasasisha kila programu. Ikapeleka picha zangu zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, pamoja na video ndefu za mizani ya magunia niliyoitengeneza mwaka juzi. Mpaka nilipojua pa kubonyeza, bando la Mzee wa Miwani lilikuwa limekauka.

Hakugomba. Alivua miwani, akaifuta, akageukia ukutani. Heri angegomba.

Jumatano, 12 Juni

Siku mbaya.

Asubuhi niligundua kwamba wahudumu wa hoteli hukupa neno la siri la waifai ukiwatajia namba ya chumba kilicholipiwa huduma hiyo. Nikaenda mapokezi kifua mbele, nikataja namba ya chumba niliyoiona kwenye ufunguo wa mtu wakati wa chai. Mhudumu akatazama kompyuta yake, kisha akatazama nyuma yangu. Nikageuka. Mwenye chumba alikuwa mkufunzi! Alinyoosha mkono tu, akachukua karatasi yenye neno lake la siri, akaondoka.

Mchana hofu ikanizidi. Nikawasha kile kitufe cha kutumia laini nje ya nchi bila bando, kile ambacho shemeji aliniapia kwamba hula salio kama mchwa. Nilikuwa nimejaza salio la kutosha. Laini ikafufuka! Zikaingia video za maua za kunitakia asubuhi njema kutoka kundi la ukoo, moja, ya pili, ya tatu, shangazi na wajomba wote wameamka na maua. Salio likayeyuka. Cha mwisho kuingia kilikuwa ujumbe wa sauti wa mama mkwe. Nikaubonyeza. Ukazunguka, ukazunguka, na laini ikafa mara ya pili.

Mama mkwe hatumi sauti bila jambo! Yeye hata salamu huandika.

Nikakimbilia duka la laini. Wanataka pasipoti. Pasipoti anayo mkufunzi. Nimwendee mkufunzi kwa uso upi? Nikaenda mkahawani penye waifai ya bure. Nayo inataka namba ya uthibitisho. Nikaweka namba ya mke wangu nikakisia. Nikakisia tena. Alasiri yote nimekisia. Kahawa ikapoa, nikaona watu wanasogeza viti vyao mbali nami. Najua ni ujinga. Lakini nikiacha kubonyeza, nitafanya nini na hii mikono?

Naogopa. Si jina tena. Naogopa kwamba kuna kitu kimempata, na mimi niko hapa nachezea tarakimu.

Alhamisi, 13 Juni

Mkufunzi kaniita mbele ya darasa. Nikajua ndio kufukuzwa. Nilishaanza kuvua glavu.

Akasema ofisi yangu imempigia kwa sababu mimi sipatikani. Kisha, mtu yule asiyecheka, akacheka. Nimepata mtoto wa kike! Jana alasiri! Mafundi wote wakapiga makofi, Mzee wa Miwani akanikumbatia hadi miwani ikapinda. Darasa zima lilijua kabla yangu. Mkufunzi akanipa simu yake, akaniambia nipige palepale.

Mke wangu akapokea. Sauti imechoka lakini nzima. Nikamwuliza tu kama mzima, kama mtoto mzima. Wazima. Nikaanza kumwomba radhi kwamba sikupatikana. Akanikatiza.

"Jana simu yangu haikunyamaza," akasema. "Zinaingia namba za uthibitisho tu, moja baada ya nyingine. Mama akasema ni matapeli, tuizime. Nikamwambia acha, huyo ni mume wangu anahangaika."

Nikaketi juu ya mizani ya magunia iliyokuwa nyuma yangu. Ikasoma uzito wangu, darasa likacheka, sikujali.

Akasema haya, nitaje jina, muuguzi anasubiri. Nikamwuliza nani yuko hapo. Akasema mama, na kaka, tena kaka ndiye amembeba mtoto. Shemeji! Nikamwambia kwanza atoke nje. Akasema atoke aende wapi, mume wangu, taja jina. Nikaangalia huku kwangu: mafundi wamenyamaza, masikio yote kwangu, na nani ajuaye nao wake zao wana nini tumboni. Nikaziba mdomo kwa kiganja nikanong'ona. Akasema hasikii. Nikanong'ona kwa nguvu. Kimya. Nikadhani amelia kwa furaha.

Shavu langu lenye jasho lilikuwa limekata simu.

Nikapiga tena. Inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Mama mkwe alishaanza kuutangazia ukoo kwa simu ya mke wangu.

Jumamosi, 15 Juni

Nimerudi. Mtoto ni mzuri mno. Nimembeba mlangoni kabla ya kuvua viatu, nikalia, na sioni aibu kuliandika hilo. Nimemkadiria uzito kwa mkono. Mizani ya hospitali inadanganya, kesho naleta yangu.

Kisha nikauliza jina. Limeshaandikwa. Nani kaliandika? Shemeji! Kwa mwandiko wake! Nikamwomba Mungu anipe subira, nikashika karatasi, nikasoma.

Lilikuwa jina langu. Lilelile nililolificha miezi yote, jina la marehemu mama yangu.

Nikauliza nani mwizi. Mke wangu akanitazama kama anayeangalia mtoto wa pili. Akasema nalitaja usingizini. Kila usiku, tangu mimba changa, tena kwa sauti. Mama mkwe hulisikia kupitia ukutani anapokuja kulala. Shemeji analijua tangu zamani na hajamwambia mtu, na wao watamwita wa kwao jina la upande wa mkewe. Muuguzi aliposema hawezi kungoja zaidi, mke wangu akalitaja, kaka yake akaandika kwa sababu mkono wa kuandikia wa mke wangu ulikuwa umembeba mtoto.

Nikamwuliza, kama jina alikuwa nalo, ile juzi ananihimiza nilitaje kwa nini.

"Jina nilikuwa nalo," akasema. "Wewe ndiye sikuwa nawe. Nilitaka kukusikia ukimwita."

Nikainama nikamwita mtoto, polepole, na mama yake akisikia. Akapiga chafya.

Jumapili, 16 Juni

Bosi kanipigia simu. Mkufunzi amenisifu, sijui kwa lipi, na Septemba narudi kule kwa hatua ya pili.

Shemeji kasikia. Kajitolea tena kuniwekea bando la nje, safari hii kama zawadi ya mtoto. Mke wangu akanitazama. Mama mkwe akanitazama. Nikamshukuru sana nikakataa. Sasa naijua ile waifai! Namba za uthibitisho nitazielekeza kwa Mzee wa Miwani, ambaye atakuwa ameketi kando yangu na atanisomea. Namba yake ya simu sikuichukua, lakini hilo nitalitatua nikishafika.

Tena leo nikimbembeleza binti yangu nimepata jina la mtoto wa pili. Zuri kupita kiasi. Shemeji asilisikie! Sijamwambia mtu, na kuanzia leo nalala na leso mdomoni.