Wakwe wa Shamba la Nyanya

Jumatatu, 9 Juni
Nyanya zimeiva zote kwa mpigo. Lori la soko linakuja Ijumaa. Wachumaji wangu sita wametoka ng'ambo ya mpaka, hakuna mwenye kibali. Sheria mpya haina mchezo: ukikutwa nao, unafungiwa shamba. Vibali niliomba tangu Machi. Karani anasema faili linashughulikiwa. Nyanya hazijui kusubiri faili! Vibarua wa hapa walikuja wawili, wakainama saa moja, wakakumbuka wana msiba.

Jumanne, 10 Juni
Jirani mwenye vitunguu kafungiwa lango leo. Lakini akili ni nywele, na mimi sina kipara! Sheria inakataza vibarua wageni, haikatazi wageni wa familia. Nimewatangaza wote sita kuwa wakwe zangu. Mnyapara wao, mama mtu mzima mwenye mikono myepesi, ndiye mama mkwe. Akaniuliza itakuwaje wakikamatwa. Ana watoto watatu kwao. Nikamwambia aniachie mimi. Mke wangu akasema nitaumbuka. Haamini vipaji vyangu.

Alhamisi, 12 Juni
Nusu ya shamba tulishachuma. Saa nne wakaja maafisa. Nilikuwa kivulini, soda mkononi, nikisimamia. Mkubwa wao, mpole kupita kiasi, akauliza hawa ni nani. Nikajibu ni wakwe zangu, wamekuja kutusalimia.

Akamtazama mama mkwe: kreti ya nyanya kichwani, jasho linamtiririka. Akanitazama mimi na soda yangu.

“Mama mkwe wako anabeba kreti,” akasema taratibu, “na wewe umekaa?”

Wamepakiwa wote kwenye gari. Yule mama aliniomba kitu kimoja tu, niwapigie wanawe. Nimepiga. Mwanawe mkubwa akauliza mama anarudi lini. Nilikata simu nikalia.

Ijumaa, 13 Juni
Lori limeondoka nusu tupu. Kufuli langoni, nyanya zinaoza upande wa pili. Na habari zimemfikia mama mkwe wangu halisi kwamba nina mama mkwe mwingine! Kaja na mashangazi wawili, wanauliza huyo mke wa pili nimemficha wapi. Mke wangu yuko jikoni, hanitetei hata kwa neno moja.

Jumamosi, 14 Juni
Nimetafakari sana kosa langu. Si uongo. Ni kuchagua ukoo vibaya. Kufuli litatoka mwezi ujao, pilipili zikianza kuiva. Wachumaji wapya watakuwa kwaya iliyopiga kambi ya mazoezi, nami nitasimama mbele yao nikipunga mikono. Mwalimu wa kwaya hategemewi kubeba chochote.